Maswali Yenu kwa Fundi: Pangaboi, Moto wa Injini na Pawabenki Kwenye Begi

Maswali ya toleo hili karibu yote yamekuja upande mmoja, ndege za pangaboi (zile zenye panga linalozunguka mbele ya injini) na moto, nadhani ni zile video zinazozunguka kwenye magrupu ya wasapu. Yaliyofanana nimeyaunganisha, mengine nimeyafupisha. Mimi ni fundi wa ndege, kazi yangu iko chini ya bawa na sio kwenye usukani, kwahiyo nitajibu kifundi.

Shikamoo fundi. Hivi kwanini tunanunua ndege za pangaboi wakati dunia imeshahamia kwenye jeti? Na lile panga linazungushwa na nini, kuna mkanda au mnyororo? – Msomaji, Songea

Marahaba mwanangu. Hili la "za kizamani" nimelisikia sana tangu zile ndege za Bombardier Q400 za kwanza za Air Tanzania zilivyotua mwaka 2016 na watu wakaanza kuziita pangaboi kwa kubeza, na linaniuma kidogo maana ndani ya ile injini kuna jeti kamili. Hewa inaingia, inakandamizwa, inachanganywa na mafuta, inawaka, ule moto unatoka kwa kasi na kusukuma magurudumu yenye visu vidogo vidogo tunayoita tabini. Tofauti ni kwamba kwenye jeti ya kawaida sehemu kubwa ya nguvu inatoka kama upepo, kwenye pangaboi nguvu karibu yote inakamatwa na tabini halafu inapelekwa kwenye giaboksi, na giaboksi ndo inazungusha panga. Hamna mkanda wala mnyororo.

Chukua Cessna Caravan, zile ndogo zinazokwenda Mafia na Seronera. Injini yake ni PT6. Tabini ya ndani inazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, panga lenyewe linazunguka mara 1,900 tu. Giaboksi inashusha ule mzunguko wote kwasababu panga likizunguka kasi mno ncha zake zinafikia kasi ya sauti, hapo linapiga kelele sana na kusukuma kidogo. Na kitu ambacho wengi hawakijui, tabini inayozungusha panga haijashikana kwa chuma na tabini inayozungusha injini, kati yao kuna hewa ya moto tu. Ndo maana injini ikiwa imezimwa unaweza kulizungusha panga la Caravan kwa kidole na likaenda laini kabisa, ila msijaribu bila fundi kuwepo tafadhali.

Sasa panga lenyewe. Sio kipande kimoja kilichoganda. Kila panga limekaa kwenye kitovu na linaweza kujigeuza, kuongeza au kupunguza mlalo wake. Ni kama gari linapopanda Kitonga, dereva anashusha gia ili injini ipumue, akifika tambarare anapandisha. Wakati wa kuruka mapanga yanakuwa na mlalo mdogo, yanang'ata hewa kidogo kidogo na kuzunguka haraka, ndege ikishashika kasi mlalo unaongezeka na kila mzunguko unaisogeza mbele zaidi. Q400 inaruka na mizunguko 1,020 kwa dakika, ikishatulia angani rubani anashusha mpaka 850. Ile sauti inayobadilika ghafla mkiwa mnapanda, wengine mnashika viti mkidhani injini imekata, ni hiyo.

Anayegeuza mapanga ni gavana. Ndani ya gavana ya PT6 kuna vizito vidogo vinavyozungushwa na giaboksi ya panga. Panga likizidi kasi vile vizito vinatanuka kwenda nje, vinanyanyua vali, oili inatoka kwenye kitovu cha panga, springi iliyoko kule inasukuma mapanga yaongeze mlalo, mzigo unakuwa mzito, kasi inashuka. Kasi ikipungua vizito vinarudi ndani, vali inaachia oili iingie kwa presha, mlalo unapungua, kasi inapanda. Inafanya hivyo muda wote mkiwa mnakula karanga huko nyuma na rubani hagusi kitu. Nimekaa na mashine hizi muda mrefu na bado gavana ndo kifaa ninachokiheshimu kuliko vingine vyote.

Kuhusu kwanini zinanunuliwa, kwa safari fupi zinakula mafuta kidogo kuliko jeti, zinaweza kutua kwenye viwanja vifupi, na Caravan inatua hata kwenye changarawe. Sisi viwanja vyetu vingi viko hivyo.

Sasa fundi. Nilipanda ATR, ile pangaboi ya injini mbili, tukiwa bado tunaingia nikaona panga la kulia limesimama kabisa lakini injini inanguruma na joto linaonekana likitoka nyuma. Nikajua hii imeharibika na itawaka moto. Nilikaa na wasiwasi mpaka tukafika. – Msomaji, Kisumu

Salama ndugu yangu. Ile haikuwa imeharibika. ATR ina breki ya panga kwenye injini ya kulia. Ndege ikiwa imeegeshwa rubani anaiwasha ile injini na kulishika panga lisizunguke, injini inatoa umeme na hewa ya baridi kwa abiria huku panga limetulia. Hii inawezekana kwasababu ya kile nilichomweleza wa Songea, tabini ya panga na tabini ya injini hazijashikana. Imewekwa kulia kwasababu mlango wa abiria na wa mizigo viko kushoto, watu wanapita upande ambao hakuna kinachozunguka. Mkishafunga milango breki inaachiwa na panga linaanza kuzunguka. Safari ijayo angalia utaona.

Fundi, injini moja ikizimika angani kwenye ndege ya pangaboi inakuwaje? Jamaa yangu anasema panga linageuka breki na ndege inavutwa upande. Kweli? – Msomaji, Mwanza

Jamaa yako yuko sahihi, nusu. Panga la injini iliyokufa likiachwa na mlalo mdogo upepo unaokuja mbele unalizungusha, na ule mzunguko unakula nguvu ya ndege, unakuwa mzigo mkubwa sana upande mmoja. Kwahiyo kuna njia ya kuyageuza mapanga mpaka yakae ubavu, yaani ukingo ndo unaelekea kwenye upepo, yanaacha kuzunguka na hewa inapita tu. Kwenye PT6 hili linakuja lenyewe presha ya oili ikipotea, springi na vizito vya kwenye kitovu vinayasukuma mapanga mpaka ubavuni. Ukishuka Caravan ikishazimwa angalia mbele, utaona mapanga yamekaa ubavu. Kwenye ATR kuna mfumo unaofanya hivyo wenyewe injini ikipoteza nguvu wakati wa kuruka, na baada ya hapo ndege inaruka vizuri na injini iliyobaki, imejaribiwa na kupewa cheti kwa hilo.

Lakini hapa naomba msome taratibu maana hapa ndo kuna mambo mazito. Tarehe 4 Februari 2015 ATR 72 ya shirika la TransAsia iliruka kutoka Taipei, hitilafu ya umeme ikafanya mfumo uone injini ya pili imepoteza nguvu wakati haikuwa imekufa, mapanga yakageuzwa ubavu. Ndege ingeweza kuendelea na injini ya kwanza. Rubani kwenye taharuki akavuta mkono wa injini ile ya kwanza, ile nzima, akaizima. Wakaangukia mtoni, watu 43 wakafa kati ya 58. Halafu tarehe 15 Januari 2023 kule Pokhara, Nepal, ATR 72 ya shirika la Yeti, injini zote mbili zilikuwa zinawaka vizuri kabisa, lakini wakati wa kujiandaa kutua mikono ya kugeuzia mapanga ilivutwa badala ya ule wa flapsi, vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, mapanga ya pande zote mbili yakakaa ubavu, injini zikabaki zinanguruma bila kusukuma chochote, wakafa wote 72. Hakukuwa na moto angani, hakukuwa na chuma kilichokatika. Nasema haya kwasababu watu wakiona pangaboi wanaogopa chuma, wakati mafunzo ya rubani na utaratibu wa kuthibitisha kabla ya kuvuta mkono wowote ndo vinabeba roho za watu. Shirika linalopeleka marubani wake kwenye simuleta, mashine ya kufanyia mazoezi ya kurusha ndege ukiwa chini, mara kwa mara ndo shirika la kulisifia, hata kama ndege zake hazing'ai.

Moto ukishika kwenye injini angani rubani anafanya nini? Kuna faya huko juu? – Wasomaji kadhaa, Dar na Arusha

Kuzunguka injini kumepitishwa waya maalumu mwembamba unaohisi joto. Joto likipita kiwango, kwenye chumba cha rubani inawaka taa nyekundu na kengele inalia. Rubani hakurupuki, kwanza anahakikisha ndege inaruka, halafu anaizima ile injini na kuvuta mkono wa moto. Ule mkono mmoja unafanya kazi nyingi kwa pamoja, unakata mafuta yasiende kwenye injini, unafunga hewa ya moto, unatenga umeme, na unaweka tayari mitungi ya gesi ya kuzimia moto. Kisha anabonyeza, gesi ya haloni inamwagwa ndani ya nyumba ya injini. Taa isipozimika kuna mtungi wa pili. ATR ina mitungi miwili na yote inaweza kupelekwa kwenye injini yoyote ile.

Kazi kubwa inafanywa na kukata mafuta kuliko hata gesi. Moto unataka mafuta, hewa na joto, ukinyima kimoja unakufa. Na kati ya injini na sehemu nyingine ya ndege kuna ukuta wa chuma kisichoungua haraka, kazi yake ni kuwapa muda wa kutua.

Caravan ni tofauti na watu wa safari za mbugani wajue. Ina kengele ya moto lakini haina mtungi wa kuzimia kwenye injini. Rubani anakata mafuta, panga linakaa ubavu, anashusha ndege inateleza hewani mpaka mahali pa kutua. Ina bawa refu, inateleza vizuri, na uwanda wa Serengeti una sehemu nyingi za kutua.

Kuna moto mwingine unaowatisha abiria bure. Injini ikiwashwa chini wakati mwingine mafuta yaliyobaki kwenye bomba la moshi yanashika na ulimi wa moto unatokea nyuma. Marubani wanakata mafuta na kuendelea kuizungusha injini, upepo unausukuma ule moto nje na kuumaliza. Ukiona hivyo mwambie muhudumu, usifungue mlango mwenyewe ukarukia upande ambao panga bado linazunguka.

Asalamu aleikum. Mimi nafata bidhaa Dubai na China. Wananinyang'anya pawabenki kila safari, nyengine ya bei kabisa. Kitu kidogo hivyo kinaweza kuchoma ndege kweli? – Mama mfanyabiashara, Zanzibar

Waaleikum salaam mama yangu. Kinaweza, na hili swali ndo nililotaka mtu aniulize. Ukiniuliza moto gani unanitisha mimi fundi, sio wa injini. Wa injini uko nje, una waya wa kuuhisi, una ukuta, una mitungi, una mkono wa kukata mafuta. Unaonitisha ni ule unaoanza ndani, sehemu iliyojificha, kwenye begi juu ya kichwa cha mtu au nyuma ya paneli.

Betri ya lithiamu ikiharibika ndani, imedondoka, imebonyea, au ni feki, pande mbili za ndani zinagusana, inapata joto, lile joto linaharibu seli zaidi, joto linaongezeka na hakuna wa kulisimamisha, halafu seli ya jirani nayo inashika. Haloni inaweza kuua mwali wa moto lakini haipozi betri, dakika chache baadaye inashika tena. Ndo maana haziruhusiwi kwenye begi la kupeleka chini kwa mizigo, inabidi uwe nayo mkononi ambako kuna watu wa kuiona na maji ya kuipoza. Ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliruka Dubai tarehe 3 Septemba 2010 ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu, moto ukaanza kwenye shehena, moshi ukajaa chumba cha marubani mpaka hawaoni vyombo vyao, wote wawili wakafariki. Na tarehe 28 Januari 2025 Airbus ya Air Busan pale Busan, Korea Kusini, iliwaka ikiwa bado chini, moto ulianzia kwenye kabati la juu la mabegi, na wachunguzi walisema yaelekea ni pawabenki. Watu wote walitoka lakini paa la ndege liliungua.

Sasa hesabu yako wewe. Kipimo sio ukubwa wa umbo, ni nguvu iliyomo, kwa wati-saa. Mpaka 100 inaruhusiwa mkononi, kati ya 100 na 160 uombe ruhusa ya shirika, zaidi ya hapo haipandi. Ukiwa na pawabenki imeandikwa 20,000 mAh, zidisha kwa 3.7 halafu gawa kwa 1,000, unapata 74, hiyo iko sawa. Ya 30,000 inatoka 111, hapo ndo unanyang'anywa kama hukuomba ruhusa. Ikiwa maandishi yamefutika wanaichukua pia, hawana namna ya kujua. China tangu tarehe 28 Juni 2025 kwenye safari za ndani wanataka iwe na alama yao ya ubora ya 3C, kwahiyo ukiwa unatoka Guangzhou kwenda Yiwu na ya bei rahisi isiyo na ile alama wanaiacha uwanjani. Emirates nao tangu tarehe 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu, isizidi 100, huruhusiwi kuitumia wala kuichaji ndani, na haikai kwenye kabati la juu, unaiweka mfuko wa kiti au chini ya kiti cha mbele yako. Wako sahihi. Ikianza kutoa moshi miguuni pako utaiona mara moja, ikiwa juu kwenye kabati chini ya mabegi sita itaonekana ikishachelewa.

Na simu ikikuponyoka ikaingia kwenye kiti cha ndege, mama, usisogeze kiti kabisa. Mashine ya kiti inaibana simu, betri inapasuka. Muite muhudumu aitoe.

Kwanini wanatukataza kubeba mizigo wakati wa dharura? Pasipoti yangu na hela zangu zote ziko kwenye begi. – Msomaji, Dodoma

Pasipoti na hela weka mwilini kabla ya kuruka, yaishe. Ndege kubwa ya abiria inayotengenezwa lazima ithibitishe kwamba abiria wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa. Ule muda umewekwa kwasababu moshi wa ndani ya ndege, wa plastiki, sponji na vitambaa, una sumu, na watu wengi wanakufa kwa moshi kabla moto haujawafikia. Kwenye ndege ya Air Canada iliyotua Cincinnati tarehe 2 Juni 1983 moto ulikuwa umejificha eneo la choo, walitua salama, milango ikafunguliwa, hewa mpya ikaingia na ndani ya dakika moja na nusu hivi kabini nzima ikalipuka moto. Kati ya watu 46 wakatoka 23. Zile taa za sakafuni zinazoonesha njia na kihisi moshi cha chooni tumevipata baada ya ajali ile.

Kuna ya Saudia ya tarehe 19 Agosti 1980 Riyadh ambayo mimi siwezi kuizungumza haraka. Moshi ulitoka sehemu ya mizigo, wakageuza, wakatua vizuri kabisa kwenye lami. Lakini ndege haikusimama pale pale, ikaendelea mpaka njia ya pembeni, na iliposimama injini zikaachwa zinawaka zaidi ya dakika 3, hakuna aliyefungua mlango. Watu 301, wote, wakafa wakiwa ardhini na zimamoto wako nje.

Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, Airbus A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani, Dash 8 ya pangaboi, watano kati ya sita waliokuwa ndani ya ile ndogo wakafariki. A350 ilikuwa na watu 379. Spika za ndani zilikufa, wahudumu wakapiga kelele na kutumia vipaza sauti vya mkononi, milango iliyofaa ilikuwa 3 tu kati ya 8. Walitoka wote, na mabegi yao yaliungua mle ndani. Begi moja la magurudumu likikwama kwenye njia ile nyembamba linazuia safu nzima iliyoko nyuma yako, na linaweza kuchana ile slaidi ya kutelezea.

Ukikaa tu, hesabu viti mpaka mlango wa karibu, mbele na nyuma. Moshi ukijaa hutaona kitu, utashika viti kwa mkono ukihesabu.

Kwanini kwenye uwanja mdogo wanapojaza mafuta wanaunganisha waya kwenye ndege, umeme wa nini? – Msomaji, Mafia

Sio wa kuleta umeme, ni wa kuuondoa. Mafuta yakipita kwenye mpira yanazalisha chaji, ndege na gari la mafuta zikiwa na chaji tofauti inaweza kuruka cheche pale mdomo wa mpira unapogusa tangi. Waya unazilinganisha. Caravan inatumia mafuta ya jeti ambayo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, yanahitaji kufika nyuzi joto 38 hivi ndo mvuke wake ushike. Zile ndogo za injini ya pistoni zinatumia petroli ya ndege, mvuke wake unashika hata kwenye baridi ya barafu. Kwahiyo ukiambiwa usivute sigara na ukae mbali, kaa mbali.

Mwisho fundi, tukishuka kwenye ndege ndogo huko mbugani rubani anatufokea tupite nyuma. Kwani panga si limezimwa? – Msomaji, Moshi

Usiamini panga lililosimama, na linalozunguka hulioni. Likiwa kwenye kasi jicho linaona ukungu tu, au halioni kitu kabisa, ndo maana ncha zinapakwa rangi nyeupe, njano au nyekundu. Toka mlangoni, elekea mkiani, zunguka mbali na bawa, usipite mbele hata kama gari lenu limeegeshwa upande ule. Kofia ikipeperuka iache, mtoto mshike mkono tangu ngazini. Kwa helikopta ni kinyume, huko hatari kubwa iko mkiani, unaenda kwa mbele rubani akikuona na kukupa ishara, ukiwa umeinama.